Herufi mezani, saa inakwenda: mchezo upi wa kuunda maneno unakifaa Kiswahili?

Chukua methali ambayo kila mtoto anaijua: haraka haraka haina baraka. Ina herufi 23. A ziko 11, K tatu, H tatu, R tatu, kisha I, N na B moja moja. Sasa fungua boksi la Scrabble la Kiingereza, ule mchezo wa kupanga kete za herufi ubaoni ziunde maneno, lile linalouzwa kwenye maduka ya vitabu, ujaribu kuipanga mezani. A zimo tisa tu. K ni moja. Zipo kete mbili tupu zinazoweza kusimama badala ya herufi yoyote, lakini zote mbili zitamezwa na A, na K mbili bado hujazipata. Boksi zima lenye kete 100, na methali ya maneno manne haiandikiki.

Nimeanzia hapo kwa sababu watu wanaotaka kununua mchezo wa maneno kwa ajili ya nyumbani huangalia bei na picha ya juu ya boksi, halafu wakifika nyumbani wanashangaa kwa nini Kiswahili kinakwama. Wanadhani lugha yetu haifai kwa michezo hii. Inafaa sana, tena kuliko nyingine nyingi. Ila mchezo lazima uchaguliwe kwa maswali matatu: herufi zilizomo zinafanana na za lugha yetu? Muda uliowekwa unampa nani nafasi? Na nani ataamua kwamba neno ni neno?

Nimecheza minne kwa Kiswahili kwa miaka kadhaa sasa, nyumbani kwetu Tanga pamoja na watoto, wazazi na mashemeji, na pia jioni pamoja na wanafunzi wa sekondari: Scrabble, Boggle, Bananagrams, na ule wa herufi tisa ambao hauhitaji boksi lolote. Kwa asiye na muda wa kusoma hadi mwisho, niseme mapema ninaouchagua: herufi tisa kwanza, Boggle iliyorekebishwa ya pili. Sababu zangu ni hizi.

Scrabble

Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyepoteza kazi katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, ndiye aliyeubuni. Ili kujua kila herufi iwe na kete ngapi, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ya Kiingereza. James Brunot ndiye aliyeupa jina la Scrabble mwaka 1948. Historia hii ina maana kwetu, kwa sababu hesabu ile ya magazeti bado imo ndani ya boksi. E ziko 12. K ni moja na ina pointi tano. W ni mbili na kila moja ina pointi nne. Z ina pointi kumi.

Kwa Kiingereza hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Kwetu K ndiyo inayofungua kiti, kitabu, kula, kulala, kuku na kaka, na W ndiyo inayofungua watu, watoto na wageni. Unamlipa mtu pointi tano kwa herufi ambayo ingepaswa kuwa miongoni mwa za bei rahisi, halafu unampa moja tu. Anayebahatika kuivuta K anaanza na mtaji, na wengine wanabaki na E nne mkononi wakitazamana.

Jambo la pili ni muda. Katika mashindano kila mchezaji ana dakika 25 za mchezo mzima, na saa yake inakwenda anapofikiri. Nyumbani hakuna anayeweka saa. Mkiwa wanne, kila mmoja akikaa dakika tatu, wewe unasubiri tisa kabla ya zamu yako. Watoto huondoka. Nimeona watoto wanaopenda maneno kwa dhati wakiaga katika zamu ya nne, na siwalaumu.

Lipo na jambo la tatu ambalo hunifanya nisiupendekeze kwa anayetaka watoto wake wakue katika lugha. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali hakuwa akizungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri orodha ya maneno. Ni uwezo mkubwa mno na ninauheshimu, lakini unaonyesha mchezo huu unapima nini ukifika kileleni: kumbukumbu ya orodha, hesabu ya pointi na matumizi ya ubao. Maana ya neno haiulizwi.

Hata hivyo Scrabble ina ladha ambayo mingine haina, nayo ni maneno kukatizana. Kiingereza hurefusha neno nyuma kwa kuongeza S. Kiswahili hurefusha zaidi mbele. Umeweka LIMA, mwenzako anatanguliza M, limekuwa MLIMA. Umeweka KATA, anatanguliza U, limekuwa UKATA, na mtu aliyekuwa akifikiria kisu sasa anafikiria umaskini. Ukicheza kwa Kiswahili utajifunza kuacha nafasi mbele ya neno, na hilo pekee linabadilisha mkakati mzima wa ubao.

Kama unalo boksi tayari, kuna njia ya kulifaidi. Mwanasheria wa Ubelgiji, Hippolyte Wouters, alianzisha mwaka 1972 namna ya kucheza ambapo wachezaji wote wana herufi zilezile saba na ubao uleule, na kila mmoja anaandika jibu lake bora muda ukiwa unahesabiwa. Jibu la juu kuliko yote ndilo linalowekwa ubaoni, kila mtu anapata pointi za jibu lake mwenyewe, kisha zinavutwa herufi mpya. Bahati ya kuvuta K inatoweka, maana wote wameivuta. Kusubiri nako kunatoweka. Jaribuni hivyo kwa dakika mbili kila zamu na mtaona mchezo mwingine kabisa.

Boggle

Huu una dadu 16 zenye herufi, ndani ya trei ya nne kwa nne. Unafunika, unatikisa, dadu zinatulia kila moja kwenye shimo lake, unageuza kichupa cha mchanga cha dakika tatu, na kila mtu anaandika kimyakimya maneno anayoyaona. Neno lina herufi tatu au zaidi. Herufi zake lazima zipatikane kwenye dadu zinazogusana, kwa ubavu, juu na chini, au mshazari, na dadu moja haitumiki mara mbili katika neno lilelile. Muda ukiisha mnasomeana orodha. Neno lililopatikana kwa watu wawili au zaidi linafutwa kwa wote.

Ili uone linavyokwenda, huu ni ubao mdogo wa tatu kwa tatu:

K A T
I P A
S U M

KISU limo: K, shuka I, shuka S, pita U. KAPU limo. PIKA limo. KATA limo, lakini TAKA halimo, ingawa herufi ni zilezile, kwa sababu A ya pili haigusani na K. PIMA halimo kwa kuwa I na M ziko mbali. Sasa anza kwenye T: shuka A, ingia P, pita I, panda K, malizia A ya juu. TAPIKA, herufi sita, limezunguka ubao kama nyoka. Mtoto akiliona hilo kwa mara ya kwanza huruka kutoka kwenye kiti.

Maneno ya Kiswahili yamejengwa kwa konsonanti na irabu zinazopokezana, na kwa mchezo huu hiyo ni neema. Mkono wako unajifunza haraka: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Ubao wenye irabu saba au nane zilizotawanyika vizuri unatoa maneno mengi kiasi kwamba dakika tatu hazitoshi.

Lakini upo ugumu ambao sikuutarajia, na ndio unaotofautisha Boggle ya Kiswahili na ya lugha nyingine. Angalia tunavyopenda kurudia sauti: baba, dada, kaka, papa, pipi, kuku, bibi, nana. Maneno ya kwanza kabisa ya mtoto. Kwenye Boggle kila moja linahitaji dadu pacha, B mbili na A mbili, tena zikiwa zimekaa jirani kwa mpangilio unaofaa. Kwa hiyo maneno ambayo mtoto wa miaka saba anayajua kwa moyo ndiyo yasiyopatikana. Mtoto mdogo anateseka na Boggle si kwa sababu hajui maneno, bali kwa sababu maneno yake hayajipangi hivyo.

Halafu dadu zenyewe. Nyuso za dadu zote 16 ni 96. Katika matoleo ya Kiingereza niliyoyashika, K imo kwenye uso mmoja au mbili tu kati ya hizo 96, na upo uso mzima uliotolewa kwa Qu. Mnaweza kutikisa mara tano bila kuiona K. Dawa yake ni rahisi: kata vipande vidogo vya plasta nyeupe, bandika juu ya Qu, X, na baadhi ya E na T, andika K, A, W na M kwa kalamu isiyofutika. Kazi ya nusu saa. Toleo tulilonalo nyumbani lina plasta 20, na ndilo linaloombwa.

Kanuni ya kufuta maneno yanayofanana ndiyo ninayoipenda kuliko kanuni nyingine yoyote katika michezo hii minne. KATA na PATA kila mtu ameyaandika, kwa hiyo hayana faida. Unalazimika kwenda kwenye kona ya lugha ambayo ni yako peke yako. Hapo ndipo wazee wanapong'ara. Bibi aliyekulia Pemba ataandika TUNGULE pale ambapo sisi tunatafuta nyanya. Mtu wa Mombasa ataleta MBATATA. Mvuvi ana majina ya samaki, fundi ana majina ya vifaa. Duru moja ikiisha, muda wa kusomeana maneno na kuulizana maana unazidi zile dakika tatu za kuandika, na mimi sina haraka nao hata kidogo.

Pointi ni hivi: herufi tatu au nne, pointi moja, tano, mbili, sita, tatu, saba, tano, nane na kuendelea, 11. Kwa Kiswahili ngazi hizi ziko sawa kwa herufi chache, ila hapo juu ukarimu umezidi, kwa sababu kitenzi chetu hurefuka kirahisi. Hilo nitalirudia.

Herufi tisa

Mwaka 1965 televisheni ya Ufaransa ilianza kipindi cha kutafuta neno refu kuliko yote, kilichobuniwa na Armand Jammot, na mwaka 1972 kikachukua jina la Des chiffres et des lettres. Waingereza wakakiiga: Channel 4 ilipoanza kurusha matangazo tarehe 2 Novemba 1982, kipindi chake cha kwanza kabisa kilikuwa Countdown. Mchezaji anasema "irabu" au "konsonanti" mara tisa, herufi zinatolewa moja moja kutoka kwenye mafungu mawili yaliyofunikwa, kisha zinabaki sekunde 30. Neno refu ndilo linaloshinda.

Huhitaji dadu, ubao wala trei. Unahitaji vipande vya boksi la viatu, kalamu, na simu ya kupimia muda.

Sisi hutoa irabu nne na konsonanti tano, na huweka dakika moja nzima. Sekunde 30 ni chache kwa Kiswahili. Nimetazama sana watu wakicheza: katika sekunde 20 za mwanzo kila mtu anashika neno la herufi nne au tano, anapumua, kisha anaanza kulinyoosha. Kazi nzuri inafanyika katika nusu ya pili, na ukikata hapo unakata utamu.

Hii ni duru moja iliyotokea mezani kwetu. Herufi zilitoka hivi: W, A, K, T, A, P, I, M, A.

Mdogo kabisa akaandika MPAKA na akaridhika. Wa pili akawa na WAKATI, sita. Mwingine MAKAPI, sita pia, kisha akaeleza kwamba ni yale yanayobaki ukishapepeta nafaka. Shemeji akatua na MATAKWA, saba, neno zuri kabisa. Mimi nilikuwa na TAMKIWA, saba. Mama yangu, ambaye alikuwa akichambua mchele na hakuandika kitu, akasema: "Pakatiwa." Herufi nane. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani, na aliyepakatiwa mtoto wake ni yule ambaye mwingine amemshikia mtoto mapajani. Nusu ya watoto hawakuwa wamewahi kulisikia neno pakata. Baadaye tukagundua KAMATIWA nalo lilikuwepo, nane vilevile, limejificha mbele ya macho yetu.

Hiyo ndiyo sababu ya kuuweka mchezo huu wa kwanza. Macho hayashughuliki na njia ya dadu wala ubao. Kilichopo ni kichwa chako na lugha, na mtu anayechambua mchele anaweza kushiriki kwa kusikia tu herufi zikitajwa. Unachezwa umeme ukiwa umekatika. Unachezwa ndani ya basi. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 anaandika herufi tisa ubaoni na darasa zima liko mchezoni, jambo ambalo boksi lolote la dukani haliwezi.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu ya ushindi. Kwa kanuni za televisheni neno refu ndilo linalopata pointi, na wengine sifuri. Mtoto mwenye maneno ya herufi tano atamaliza jioni nzima na sifuri. Tulibadili: kila mmoja anapata pointi sawa na idadi ya herufi za neno lake, na aliyefikia zote tisa anapata mara mbili, yaani 18, kama wanavyofanya Waingereza. Tangu hapo hakuna aliyenuna.

Bananagrams

Nitakuwa mfupi. Abe Nathanson na familia yake wa Rhode Island, Marekani, waliutoa mwaka 2006: kete 144 ndani ya mfuko wenye umbo la ndizi. Kila mtu anavuta kete zake, 21 mkiwa hadi wanne, na anajenga ubao wake mwenyewe mbele yake bila kusubiri zamu. Ukimaliza kete zako unapaza sauti na kila mtu analazimika kuvuta moja zaidi. Ukikwama na kete moja unairudisha na kuvuta tatu. Wa kwanza kumaliza zote fungu likiwa limekwisha ndiye mshindi. Hakuna pointi wala saa; mbio zenu wenyewe ndizo saa.

Vijana wanaupenda kupita kiasi. Sisi tunapaza "Vuta!" na jirani ameshazoea. Methali yetu ya mwanzo karibu iandikike hapa: A ziko 13, H tatu, R tisa. Inakosa K moja tu, maana zimo mbili. Lakini E ziko 18, na hakuna kete tupu. Ukivuta E sita katika 21 utafanya nini kwa Kiswahili? Utakaa na pete, peke, embe na tembe, basi. Dawa ni ileile ya plasta: Q mbili, X mbili na E kama sita zigeuzwe kuwa K, A, W na M. Ukishafanya hivyo ni mchezo bora kwa vijana watatu au wanne wenye nguvu nyingi. Si mchezo wa kukaa na wazee, kwa sababu kila mtu ameinamia kete zake na hakuna anayesikia neno la mwenzake.

Kitenzi, mahali ugomvi unapoanzia

Hili ni muhimu kuliko boksi utakalonunua, na ndilo lililovunja jioni nyingi kwetu kabla hatujakaa chini na kukubaliana.

Katika duru ile ya PAKATIWA, mtoto mmoja alikuwa ameandika WAKIPATA. Herufi nane pia. Je, ni neno? Kila Mswahili atasema ndiyo. Lakini ukikubali WAKIPATA, umekubali na nafsi zote na nyakati zote, na mchezo unageuka kuwa wa kubandika viambishi: tuna-, wali-, hawaja-, mki-. Aliyejifunza viambishi kumi anamshinda mwenye maneno elfu. Kwa upande mwingine, ukikataa kila kitu isipokuwa umbo lililoandikwa kama kidahizo, yaani neno kuu linaloelezwa katika kamusi, umeifunga lugha mikono. Unyambuaji ndio uhai wa kitenzi chetu. Pika, pikia, pikwa, pikika, pikisha, pikiana: kila moja lina maana yake na mtu anayelijua anastahili malipo.

Tulijaribu njia tatu. Kamusi tupu ilikuwa kavu mno. Uhuru wote ulikuwa fujo. Tulipotulia ni hapa: shina la kitenzi na minyambuliko yake linakubaliwa, viambishi vya nafsi na vya wakati havikubaliwi, wala ku- ya kutaja kitenzi. Nomino zinakubaliwa kwa umoja na wingi. Vivumishi vinakubaliwa vikiwa na upatanisho wa ngeli, kwa hiyo mzuri, wazuri na vizuri ni halali. Ile -ni ya mahali tuliikataa, maana kila nomino ingepata herufi mbili za bure. Kwa kanuni hiyo PAKATIWA lilipita na WAKIPATA likakwama. Mtoto alilia kidogo, lakini duru iliyofuata alikuwa akinyambua kama fundi.

Palikuwa na MPAKATIWA pia, herufi zote tisa, lililopendekezwa na shemeji mwenye matumaini. Linaeleweka, lakini kamusini halimo. Tulilikataa, na alikubali.

Chagueni kamusi moja kabla ya kuanza na iwe mezani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015 zote zinafaa. Kosa ni kuwa nazo zote mbili kisha kila mtu akafungua ile inayomuunga mkono. Sisi tuna nyongeza moja: neno la lahaja lisilomo kamusini linapita iwapo watu wengine wawili mezani wanalijua na wanatoa maana ileile. Bila nyongeza hiyo maneno mengi ya Pemba na ya Mombasa yangekufa mezani petu, nami nisingekubali.

Kutengeneza seti yako

Nilifanya alivyofanya Butts. Nilichukua gazeti la Kiswahili, nikahesabu herufi za ukurasa mmoja kwa kalamu ya risasi, halafu nikarekebisha kwa kucheza. Seti yetu ya sasa ina kete 110. Irabu ni 50: A 20, I 11, U 8, E 6, O 5. Konsonanti ni 60: N 7, K 6, M 6, W 5, L, T na S nne nne, H, B na R tatu tatu, Y, P, J, D, Z na G mbili mbili, F, V na CH moja moja.

CH ni kete moja kwa sababu C haisimami peke yake katika Kiswahili. SH, NY, TH, DH na GH tuliziacha zitengane, ili S na H zipate kazi nyingine. Alama ya juu katika ng'ombe hatuihesabu. Linaandikwa NGOMBE na wote wanaelewa. Seti hii inaandika methali ya mwanzo na bado A tisa zinabaki. Inatumika kwa herufi tisa, inatumika kwa mtindo wa Bananagrams, na ukizipanga nne kwa nne mezani unapata Boggle bila dadu. Ubao wa Scrabble pekee ndio hauna mbadala, lakini hata huo mtoto anaweza kuchora, miraba 15 kwa 15.

Kwa nani, lipi

Una watoto wa chini ya miaka tisa: herufi tisa kwa pointi za kila mtu, dakika mbili badala ya moja. Usiwaanzishe na Boggle.

Wageni wa rika mbalimbali, wazee wakiwemo: Boggle iliyobandikwa plasta, lakini andika ubao uleule kwa herufi kubwa kwenye karatasi kwa ajili ya asiyeona vizuri, kwa sababu dadu huanguka zikiwa zimepinduka na kuzisoma kichwa chini kunachosha. Wazee mara nyingi husema hawawezi, kisha wakishasoma orodha ya kwanza hawaondoki mezani.

Vijana wanaotaka kelele: Bananagrams.

Darasa: herufi tisa, hakuna kingine. Mwalimu aandike ubaoni, ahesabu dakika, kisha aanze kuuliza kutoka nyuma ya darasa.

Na mkiwa wawili tu, mume na mke, au wewe na ndugu yako baada ya chakula cha usiku, hapo Scrabble inapata haki yake. Zamu hazichelewi, ubao unajaa taratibu, na maneno yanakatizana mkiwa mnazungumza mambo mengine. Tumieni kete 110 badala ya zile za boksi, pointi tatu kwa Y, P, J, D, Z na G, tano kwa F, V na CH, moja kwa zilizobaki, na dakika tatu kwa zamu kwenye simu iliyolazwa kifudifudi ili mtu asiitazame. Asiyemaliza muda ukiisha anapoteza zamu. Kwetu mchezo huo huchukua kama saa moja, na chai ikiwa ya moto mwanzoni huwa imepoa kabla ubao haujafika nusu.